Mke Mwenza wa Zizini

Kwako kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, chakula kinapita kooni na usingizi unakuja bila kubembelezwa. Kama yale mafua yako ya msimu wa vumbi yameshaanza, pole, jifunike kifua. Mimi mwili wangu ni mzima. Mama anaamka, anafanya kazi, anakula akikumbushwa. Habari za wengine nitakupa kila mmoja kwa zamu yake, na nakuomba usirukie mbele. Najua kidole chako kilivyo chepesi kuruka mambo, lakini hii ni karatasi, isome kama ilivyoandikwa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo, na laini yako mpya ninayo mimi peke yangu katika ukoo mzima. Nimeona heri karatasi kwa sababu karatasi haina sauti. Ukitaka kuwasikilizisha watu haya, itabidi uyasome kwa mdomo wako mwenyewe.

Nianze na mambo mepesi, maana ndiyo uyapendayo. Yule bata jike tunayemwita Mkunga, kwa kuwa hulalia mayai ya kila mtu, ameangua tena vifaranga vya kuku. Amefanya kituko kilekile. Juzi aliwapanga mstari nyuma yake, akawapeleka mpaka kwenye mfereji, akajitosa majini, kisha akageuka kuwaita. Vifaranga wakasimama ukingoni wanalia, na yeye anazunguka majini akiwatukana kwa kibata chake chote. Mama aliwatazama akasema huyo ni kama mzazi aliyeng'ang'ania mwanawe awe daktari. Jogoo, yule unayemwita Kamanda, siku hizi anapigwa na wake zake mwenyewe na analala peke yake juu ya toroli. Mbuzi amekula nusu ya shuka la mama la maua, na hiyo nusu iliyobaki mama ameipiga pindo, ndiyo pazia la jikoni.

Maharage nayo yametoa maua, yale meupe yenye kaubluu kidogo pembeni. Asubuhi jua likichomoza nyuma ya lundo la samadi, mvuke unapanda taratibu na mwanga unapita katikati yake, na ukisimama pale karibu na tangi la maji unaweza kudhani kuna kitu kitakatifu kinafukizwa. Ni samadi tu. Hilo la kuona hivyo ulinifundisha wewe, sitakunyima haki yako. Kabla hujaja likizo nilikuwa nikipita hapo kila siku na ndoo mkononi, naziba pua. Wewe ulinishika bega ukaniambia nisimame, nitazame, kwamba kishamba chetu hiki kina uzuri na vichekesho ambavyo watu wa mjini wangelipa kuviona. Ukainua simu ukapiga picha. Nilipoangalia kwenye kioo cha simu, nikaona kwetu ni pazuri. Nilifurahi mno siku ile, kaka. Nilijiona kama mtu aliyekuwa maskini kwa kutojua alichonacho.

Ulivyopiga picha likizo ile! Ulimpiga Mkunga, ulimpiga Kamanda, ulimpiga mama akikimbizana na mbuzi. Uliturusha sote mtandaoni tukiwa na matope usoni. Ila ile siku uliyorudi nyuma nyuma ukitafuta pembe nzuri ya picha, ukatumbukia kwenye shimo la samadi mpaka kiunoni, na mimi nikakurekodi, hiyo uliifuta mwenyewe kabla hujaoga. Ulisema haina ubora.

Kisha ukampata baba.

Unajua kuliko mtu yeyote jinsi baba alivyokuwa anazungumza na yule ng'ombe. Mama ndiye aliyembandika jina la Mke Mwenza, kwa sababu baba alikuwa akiamka anamwamkia ng'ombe kabla ya mkewe, na akipata habari yoyote mpya, zizi ndilo linalosikia kwanza. Mama akiuliza baba yuko wapi, tunamjibu kwamba ni zamu ya bi mdogo, na mama anajifanya kununa, anatia chumvi nyingi kwenye mboga za baba, na baba anakula yote bila kulalamika. Huo ulikuwa mchezo wao. Watu wawili wanene wa umri ule, wana mchezo wao.

Na unajua kwa nini alizungumza. Ng'ombe yule jicho la kulia alitobolewa na mwiba angali mtamba, na upande ule haoni kitu. Mlango wa zizi uko upande uleule. Baba hakuwahi kuingia pale kimya. Alianza kumsemesha tangu kwenye tangi: habari za kuamka bibie, ni mimi huyu, nakuja upande wako wa giza, usishtuke. Halafu anaendelea na umbea wake wakati mkono uko kwenye kiwele, kwamba jirani wa ng'ambo ya mfereji ameezeka bati jipya na sasa anatembea kifua mbele, kwamba mama yetu amekoroma usiku kucha kama mashine ya kusaga, kwa hiyo yeye amechoka na haombi makubwa, ila bibie asimwage maziwa.

Ile klipu yako ya kwanza ilikuwa na maelezo hayo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Baba aligeuka akakwambia kwa heshima kabisa, "Mwanangu, namsemesha kwa sababu huku haoni, nisiposema atanipiga." Ukaikata sehemu hiyo. Nilikuuliza kwa nini, ukanieleza kwamba kichekesho kikishaelezwa kinakufa, na kwamba watu wanataka kuona mzee na ng'ombe wake, hawataki somo la mifugo. Ukaiita Mzee na Mke wa Pili. Mimi nilicheka. Naliandika hili hapa ili usije ukadhani najitoa: nilicheka, na ulipoondoka ukanipa kazi ya kuendelea kurekodi na kukutumia, nilijiona mtu. Uliniita mpiga picha wako. Hakuna aliyewahi kuniita kitu zaidi ya "we mtoto, leta maji."

Kuna jambo moja ambalo huenda hukulijua, au ulilijua ukalikalia. Baba alidhani zile picha ni zako wewe peke yako. Nilipokuwa nainua simu alikuwa ananiuliza kama umepata ile ya jana, na umesemaje. Aliamini unakumbuka nyumbani na unatazama kabla ya kulala. Ndiyo maana alikuwa anamwambia ng'ombe amsalimie kijana wetu aliyeko mbali, ale vizuri, asitembee na njaa kwa ajili ya viatu. Watu wako walicheka mpaka machozi kwenye hiyo ya viatu. Nimesoma maoni yao yote.

Siku aliyojua ilikuwa kwenye kituo cha maziwa. Alikuwa kwenye foleni na kopo lake, na vijana wa pikipiki wanaobeba makopo wakaanza kumwamkia. Mmoja akamuuliza mke wa pili hajambo. Baba akadhani ni mama aliyesimulia mchezo wao, akacheka, akajibu hajambo. Mwingine akauliza kama analala naye kulekule zizini, au mke mkubwa anaruhusu zamu. Yakafuata maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi atakayoigusa mama. Mpima maziwa, mama mtu mzima, badala ya kuwakemea akaziba mdomo kwa kanga mabega yakitetemeka. Ndipo kijana akamwekea baba simu mbele ya macho, akajiona mwenyewe, amechuchumaa, anamuuliza ng'ombe kama amelala salama, na nyuma yake umeweka wimbo wa harusi.

Alirudi na maziwa yake. Hakuyapima. Aliyamwaga kwenye mfereji, kitu ambacho hajawahi kufanya hata mwaka ule wa ugonjwa wa kwato. Akaniita akaniuliza swali moja tu, kwa upole, kwamba ile simu yangu inaonwa na watu wangapi. Nikashindwa kusema uongo. Nilipomwambia, akakaa juu ya toroli la Kamanda, akatazama mikono yake. Akasema, "Nilidhani nazungumza na mwanangu."

Nilikupigia siku ileile, utakumbuka. Nilikuomba uzitoe. Ulinijibu kwamba mzee amekuwa nyota na bado hajazoea, kwamba kila nyota huanza hivyo, na kwamba nisiwe mshamba. Basi baba akajipa moyo akaniomba nimpigie simu kwenye laini yako ya wakati ule, akazungumza na wewe mwenyewe. Mimi na mama tulikuwa tumekaa hapo. Mtu yule ambaye hajawahi kuniomba hata kijiko alikuomba. Alikuita baba, kama alivyokuwa akikuita ulipokuwa mdogo ukiwa na homa. Alisema, "Nisitiri, baba. Mimi ni mtu mzima, naishi na watu hapa." Ukamwambia sawa mzee, nimekuelewa, usijali.

Jumapili yake tukaisikia sauti yake. Mke wa jirani ndiye aliyeileta, amejaa huruma na amejaa hamu. Ulikuwa umerekodi simu ile. Ulikuwa umeweka picha ya ng'ombe amevalishwa shela, na juu yake baba anasema nisitiri, nisitiri, umeikata na kuirudia ikawa kama kiitikio. Uliiita Mzee Kakasirika. Mama alinyoosha mkono akaipokea ile simu, akaisikiliza mpaka mwisho, akairudisha, akamshukuru mke wa jirani kwa kuja. Kisha akaingia chumbani kwao na kufunga mlango, na baba alikuwa humo.

Tangu hapo baba akawa hazungumzi zizini. Alikuwa anaingia kimya, anakamua kimya, anatoka. Kabla ya kuingia alikuwa anatazama kwenye nyufa za mbao, na juu kwenye paa, kama mtu anayetafuta nyoka. Akaacha hata kumwita mama kwa sauti. Mama akicheka, anamwashiria apunguze. Na yule ng'ombe akaharibika, kaka. Alizoea sauti kabla ya mkono. Sasa mkono ulikuwa unamwibukia gizani bila taarifa, anaruka, anarudi nyuma, anagonga nguzo, maziwa yanakauka. Daktari wa mifugo akaja, akampima, akasema hana ugonjwa, ana woga. Mama akamsihi baba amsemeshe hata kwa kunong'ona. Baba akasema hata kunong'ona kunarekodiwa.

Baba alikuwa na mpango wa kuhamisha mlango wa zizi uwe upande wa jicho zima. Alishanunua bawaba. Alikuwa anasubiri fundi seremala amalize kazi ya kanisani.

Sasa nakwambia nililokuwa nalizunguka. Ilikuwa asubuhi nzuri, moja ya zile zako. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo, matone yamening'inia kwenye waya wa nguo, na mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nilimwona baba akipita tangi na ndoo yake, ameinamisha kichwa. Sikusikia neno. Nikasikia ndoo ikibingirika, halafu kishindo kizito, halafu ng'ombe akilia. Nilipofika, baba alikuwa ameegemea nguzo ameketi, mkono umeshika chini ya kifua, uso umepauka, na Mke Mwenza amejibana kwenye kona anatetemeka mwili mzima, jicho lake zima limetoka. Teke lilikuwa moja tu. Jirani alikuja na gari lake la kubebea mchanga, tukamlaza baba nyuma juu ya magunia. Jirani alikuwa ameshika panga, anataka kummaliza ng'ombe kwanza. Baba akasema, "Mwacheni. Sikumwambia kama naingia." Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia. Pale hospitali walimwingiza ndani, na muuguzi alipotoka alimtafuta mama kwa macho kabla ya kusema chochote.

Baba tumemzika, kaka. Udongo umeshaanza kushuka.

Hukujulishwa kwa sababu sikukujulisha. Simu zote za ukoo zilipigwa kwenye laini yako ya zamani, ile uliyoitupa baada ya simu ya baba ili wasikusumbue kwa shida zao. Shangazi aliipiga mpaka kidole kikamuuma. Mama aliniuliza kama ninayo namba nyingine, nikamtazama usoni nikasema sina. Alikutetea mbele ya watu wote. Alisema mwanawe ana kazi nyingi, pengine yuko safarini, angejua angekuja kwa miguu. Alimchelewesha mchimba kaburi, alimchelewesha mchungaji, kila pikipiki ikinguruma barabarani anainuka kwenye mkeka. Watu wakaanza kutazamana. Mwisho baba mdogo akashika kamba upande uliokuwa wako.

Na bado sijamaliza. Jioni yake, wageni wakiwa hawajaondoka, ujumbe wako ukaingia. Uliandika hivi: mbona kimya mpiga picha, nitumie chochote cha mzee, watu wanamuulizia. Nilikuwa natandika mikeka. Ningeweza kukwambia pale pale. Nilikaa jikoni nyuma ya pazia la mama, nikatafuta kwenye simu, nikapata ile ambayo sikuwahi kukutumia, baba akimfukuza Mkunga aliyeiba soksi yake, anacheka mpaka anashika magoti. Nikakutumia. Nilijua utairusha. Nilitaka uirushe. Nilitaka ucheke na watu wako kwanza ndipo nikwambie ulikuwa unamcheka nani, na kwamba alikuwa wapi.

Ukairusha kabla sijamaliza kuosha vikombe. Wakacheka sana. Halafu mama mmoja, simjui, ana picha ya waridi, akaandika kwamba mzee huyu anamkumbusha marehemu baba yake, Mungu amzidishie umri, na akakuuliza kama bado ana nguvu. Nikaona umemjibu. Ulimwambia mzee yuko imara, umetoka kuzungumza naye asubuhi hiyo hiyo, na anawasalimu wote.

Nilikuwa nimejiandaa kukuumiza, kaka, nikajikuta mimi ndiye ninayesoma hilo nimesimama na kikombe mkononi, chumba cha pili watu wanamwimbia. Hukuwa umezungumza naye tangu aliposema nisitiri.

Leo asubuhi nimemwambia mama kila kitu, la namba, la ujumbe, la soksi. Alinipiga kofi. Hajawahi kunipiga tangu nivunje ungo. Kisha akanishika uso kwa mikono yote miwili akasema amebakiwa na watoto wawili na wote wawili ni wakatili, na hajui walitoa wapi, maana yeye si hivyo na baba yao hakuwa hivyo. Akaniambia nikae niandike, nisifiche langu wala lako, na nimalizie kwa kukuita nyumbani. Nimeyaandika yote. Amesema uje. Amesema chumba chako amekifagia mwenyewe. Mama anakuita, basi nakuandikia kwamba mama anakuita. Mimi sikuiti.

Ukija, shukia njia panda. Hakuna atakayekuja kukupokea, ila njia unaijua. Jirani hatakusalimia, mzoee. Vijana wa pikipiki watakusalimia sana, wanakuona mtu mkubwa.

Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu, bado anaamini ulikuwa safarini na sijamtoa huko, kazi hiyo ni yako. Baba mdogo ameuliza tu kama una afya, nami nimemjibu kwamba nadhani unayo. Yule mama mwenye picha ya waridi naye amekuuliza tena jana, nimeona, kwamba mzee anaendeleaje. Hujamjibu. Sasa habari unayo.

Ni mimi mdogo wako,
wa nyumbani.